Sumaku Ndani ya Leso

Siku sita kwa wiki naendesha basi hapa Halifax,
nasimama kila mlingoti, nashusha wazee
taratibu, kama mtu anayeshusha trei ya mayai.
Kwa hiyo siku ya saba nisilaumiwe.

Tangazo lilikuwa mistari minne. Bei haikuandikwa.
Bwana Hepworth alinifungulia banda la mawe
kule Mytholmroyd, ambako mto ukifura
huingia majikoni bila hodi.
"Maji yalifika hapa," akagusa ukuta kwa kidole.
"Nikaipandisha kilimani, nikalala ndani yake siku tatu.
Nyumba niliiacha ioge."

BMW ya mwaka tisini na moja. Milango minne.
Ukiitazama juujuu ni gari la karani wa benki:
buluu ya suti, siti tano, buti la kuwekea mwavuli.
Hiyo ndiyo hila yake. Chini ya boneti
silinda sita zimejipanga safu moja
kama waliowahi msikitini,
na farasi mia tatu na ushee
wanasubiri mtu awafungulie zizi.

Nikatoa sumaku, nimeifunga kwenye leso isikwaruze rangi,
nikaitembeza mlango kwa mlango.
Ilinata. Ilinata. Ilinata.
Juu ya gurudumu la nyuma, kushoto, ikadondoka.
"Puti," nikasema.
"Puti," akakiri, masikio yamemwiva
kama mtoto aliyefumwa na kopo la sukari.
Pauni mia tisa zikashuka palepale.

Dada yangu Riziki, kwa simu, kutoka Tanga: "Kiasi gani?"
Nikamtajia pungufu. Hata hiyo pungufu ilimkalisha chini.
"Hicho ni kiwanja, Mwanahawa! Kiwanja na msingi wake,
na tofali za kufikia madirisha. Tena mtumba!
Mbio za sakafuni..."
Nikamwambia mtandao unakatika.

Mtandao haukuwa unakatika.

Ukipenda boga, penda na ua lake.
Ua la boga langu ni kutu, nalo huchanua Januari
halmashauri inapomwaga chumvi barabarani.
Mimi nimezaliwa mahali chumvi inakula mabati;
nikapanda ndege mbili kuikimbia,
nikaikuta huku imenitangulia, imekaa kwenye magunia.
Basi tangu Novemba gari haitoki.
Tunalala chali chini yake, mimi na spana.
Kipande cha mpira wa maji, urefu wa kiganja,
kimetoka Ujerumani kwa bei ya kanzu mbili za Idi.
Mume wangu Sudi haulizi tena. Anashika tochi,
anasinzia, na mwanga unahama polepole
kutoka kwenye bolti hadi darini.
"Sudi!"
Mwanga unarudi.

Aprili mvua ikaosha barabara. Jumapili, baada ya alfajiri,
nikaitoa kwa njia ya Oxenhope: ukungu, kondoo, kuta za mawe.
Gia ya pili. Ya tatu. Mshale ukavuka elfu sita
na ile sauti ya karani ikavuliwa koti,
ikawa kitu kingine, kitu chenye meno,
nami nikacheka peke yangu kwa sauti,
mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, ushungi umenikaa upande.

Nilipokaribia Pecket Well mkono wangu, kwa mazoea,
ukawasha indiketa penye kituo cha basi.
Palikuwa na mtu. Bi Sutcliffe, abiria wangu wa Jumanne,
na mkoba wa kanisani, miguu imeshaanza kubadilisha zamu.
Hata hakushangaa. Alifungua mlango wa nyuma,
akanionyesha kadi yake ya kupanda bure,
akakaa, akafunga mkanda.

Nikamwendesha kama trei ya mayai.
Maili moja. Mbili. Kwenye kioo
nilimwona anapapasa ngozi ya siti, anasikiliza,
kisha akainama mbele, kinywa karibu na sikio langu.
"Hii ndiyo kasi yake yote?"

Nikashusha gia.